Kiti cha Saba

Mimi, Carelle, mwanafunzi wa bweni na binti wa familia inayoheshimika hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, nakiri kwamba niliiba ugonjwa. Mwizi wa kuku ana nafuu, maana kuku anaweza kurudishwa.

Mwaka huu serikali ilitoa fedha kwa makanisa na vikundi vya mtaani, ili sisi tulio mbali na hospitali nasi tutibiwe. Ilikuwa haki. Mtu wa Area 47, mjini Lilongwe, anapimwa presha akitoka kununua mkate. Sisi tulikuwa tunaijua presha ya jirani siku ya mazishi yake. Kanisa letu likapata mashine ya kupimia, mafunzo ya siku tano kwa dada Mamy, na gari moja kila Jumanne kwenda hospitali kubwa ya Lilongwe. Lilikuwa na viti saba vya wagonjwa. Sheria ilikuwa moja: wanapanda wale ambao presha yao iko juu kuliko ya wengine.

Nilikuwa nyumbani kwa likizo, na rafiki yangu Douce alikuwa amesema kwamba sitakula chipsi za soko la Tsoka huko Lilongwe kabla shule haijafunguliwa, maana nauli sina. Jumapili, watu walipopanga foleni baada ya ibada, nilizunguka kanisa mbio mara nne, nikaruka kamba nyuma ya choo, kisha nikaingia kwa unyenyekevu mkubwa. Mamy akaniuliza, kama alivyofundishwa, iwapo nimekaa nikapumzika dakika tano. Nikasema nimekaa kumi. Mashine ikaonyesha 172.

Nikawa wa saba. Mama Godelive, mshonaji wetu, ambaye miguu yake imevimba tangu Pasaka, alikuwa na 170, akawa wa nane. Mamy alisitasita, lakini Mama Godelive mwenyewe akasema mtoto aende kwanza.

Jumanne, nesi wa Lilongwe alinipima mara tatu. Mara zote 112. Papa Télesphore, mzee wa kanisa anayeendesha gari hilo, alipoona namba hizo alipiga magoti katikati ya wagonjwa, akashukuru kwa sauti. Hapo ndipo nilipojua kwamba tangu Jumapili kina mama walikuwa wamefunga na kuomba kwa ajili yangu. Tulipofika Tsoka alininunulia chipsi kwa pesa yake, akisema aliyeponywa lazima ale. Nilizila zote. Sikumbuki ladha yake.

Jumamosi Mama Godelive aliniita nijaribu gauni la bluu alilonishonea nivae siku ya kutoa ushuhuda, yaani kesho yake. Alikuwa ameketi kwenye cherehani, ananyoosha uzi hewani.

"Niingizie uzi, mutoto yangu. Mi naona sindano mbili."

Nikauingiza. Nikamuuliza kama na yeye alifunga.

"Siku tatu. We ulikuwa unaenda kufa."

"Na presha yako, Mama?"

"Yangu imezoea kungoja."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Badala yake nikasema gauni limenikaa vizuri, zikomo, asante, nikaenda zangu. Usiku ule nilitunga hotuba nzuri ya ushuhuda, yenye mistari miwili ya kuchekesha.

Jumapili Pasta Honoré alinipa kipaza sauti, na hotuba yote ikanitoka kichwani. Mama Godelive alikuwa benchi la mbele, ameegemea ukuta.

"Sikuponywa," nilisema. "Sikuwa mgonjwa. Nilikimbia ili nipande gari. Kiti kilikuwa cha Mama Godelive."

Watu wakacheka. Nilikuwa nimewadanganya kwa utani miaka mingi mno, na sasa nilivuna: hakuna aliyeniamini. Pasta akanishika bega kwa upole. "Mutoto anaona haya mbele ya bantu. Mumusaidie na wimbo."

Wakaanza kuimba. Nikaweka kipaza sauti chini, nikatoka nje, nikakimbia. Nilipopita madirishani mara ya kwanza walikuwa wanapiga makofi. Mara ya pili kwapa la gauni lilipasuka. Mara ya tatu kwaya peke yake ndiyo iliyokuwa inaimba. Niliporudi ndani baada ya mzunguko wa nne palikuwa kimya. Nikaketi mbele ya Mamy na mashine yake, nikamnyooshea mkono.

174.

Mama yangu aliangalia viatu vyake. Mamy alinivua kile kitambaa cha mashine bila kunitazama, akaenda kumfunga Mama Godelive. Akasoma, akapima tena, akasema kwa sauti ndogo: 204.

Papa Télesphore hakungoja Jumanne. Alichukua ufunguo, na wanaume wawili wakamwinua Mama Godelive hadi garini. Mimi nilisimama mlangoni pa gari, sijui mikono niiweke wapi. Mama Godelive hakunikemea. Alitazama pale gauni lilipopasuka.

"Umepasua kanzu. Uiache pa cherehani yangu. Nikirudi nitaishona."

Nimeiacha hapo. Leo ni Jumatano, na hospitali bado haijamruhusu kurudi. Kila asubuhi nafagia kibanda chake, kisha nautoa uzi kwenye sindano na kuuingiza upya, ingawa ulikuwa mahali pake tangu jana.