Mbwa Aliyeacha Kujikung'uta

Sogeeni basi, nyote mnaokaa kichwani mwangu, wewe mama, wewe baba watoto, na wewe msimamizi wa kufulia mwenye sauti ya sufuria iliyoanguka, sogeeni mkae na mnyamaze kidogo, maana daktari wa wanyama anasema jambo na ninyi mkinipigia kelele silishiki hata moja... anasema, Bibi, ukimwachia pua atajikung'uta au hatajikung'uta, hapo ndipo tutajua, na mimi nimechuchumaa uani, beseni mbele yangu, mbwa kalowa chapachapa, kiganja changu kimefunika pua yake kama kawaida yetu, na binti yangu yuko mlangoni kakunja mikono... tutajua nini, nimeshasahau, ah, shingo, kama mishipa ya shingo i hai au imekufa, kwa sababu huyu mbwa tangu baba watoto atutoke, miezi minane sasa, mvua ikimnyeshea anasimama tu, maji yanamchuruzika mpaka jua limhurumie, na chini ya manyoya ngozi imeanza kuchubuka na kunuka, na daktari kasema kama shingo imekufa basi kumwacha ni kumtesa, ana sindano, atalala tu, Bibi, hatasikia kitu, na binti yangu akaitikia, sawa, kama mtu anayesomewa vitu vya dukani, sawa, na mkoba wenye sindano uko pale karibu na ndoo, siutazami, nauona tu.

Mwachie basi, Mama, anasema binti. Subiri, nasema, maji yamwingie vizuri, na daktari anacheka, Bibi, huyo kalowa mpaka ukoo wake, ana utani huyu msichana, ningempenda kama asingekuja na ule mkoba... sasa anaeleza, anapenda kueleza, kwamba mnyama hakauki kwa kungoja maji yadondoke, maji yanang'ang'ania nywele, lazima yatupwe, na ngozi ya mbwa imelegea kwa kazi hiyo, mifupa ikigeuka kidogo ngozi inazunguka zaidi, mbwa kama huyu huku na huku mara nne, mara tano, katika sekunde moja, dubu mara nne, panya karibu thelathini, kadiri mnyama alivyo mdogo ndivyo anavyolazimika kwenda upesi... thelathini, nani kamhesabia panya, walikaa naye wapi, lakini ngoja, hili nalijua, nalijua kwa mikono, miaka ishirini na sita katika chumba cha kufulia cha hospitali, leso unaipiga upesi upesi, pa pa pa, ndipo maji yatoke, blanketi unalipunga taratibu na bado linakuogesha uso mzima, kumbe ndiyo hayo hayo, leso ni panya na blanketi ni dubu, na msimamizi anapiga kelele, kung'uta, wewe, unapapasa nini, shuka hiyo si mgonjwa! nasi tukicheka mpaka tunakaa chini juu ya marobota... nimesema mnyamaze.

Anaendelea, kichwa ndicho kinachoanza, Bibi, halafu mabega, halafu kiuno, mpaka ncha ya mkia, kama habari inayopita nyumba kwa nyumba. Kichwa ndicho kinachoanza. Namuuliza, mwanangu, na kichwa kikishikwa? Ah, anasema, hapo hana pa kuanzia, waogesha mbwa wote wanajua, ukishika pua unabaki mkavu... anasema hivyo huku anafuta miwani, wala hautazami mkono wangu, na mimi nautazama, vidole vitano juu ya pua, mishipa imevimba, mkono huu, miezi minane, kila Jumapili jikoni, sikumwogesha uani, jikoni, karibu na meza ya baba watoto, na redio za watu alizokuwa akitengeneza ziko pale matumbo wazi kama alivyoziacha, sikutaka tone liziguse, mbwa akitaka kuanza tu nakaza, tulia, namwambia, tulia, baba, tulia, mpaka taulo linywe maji yote, na siku moja hakutaka tena kuanza, nikamsifu, nikampa mfupa... sasa je, shingo imekufa, au mimi ndiye nimeifundisha kufa, au ni huzuni yake mwenyewe na haihusiani na mimi hata kidogo, maana alimpenda yule mzee, alilala chini ya ile meza miaka kumi na moja, sijui, nikiachia na asijikung'ute watasema shingo, nikisema ni mkono wangu watasema bibi kazeeka, hataki kuachana na mbwa, na kweli sitaki, sasa ukweli ni upi kati ya hizo kweli mbili...

Mama, anasema binti, tulia, mwachie tu. Tulia. Nani kamfundisha neno hilo, kalisema kwa sauti yangu, sauti yangu ya makaburini, naiona siku ile, wanamshusha baba yake, na yeye kaanza kutikisika, alianza kichwani, ndiyo, kichwani kwanza, halafu mabega, mtikisiko ulikuwa unateremkia magotini, na mimi nikamshika kidevu kwa mkono huu, vidole hivi vitano, nikakaza, nikamnong'oneza, tulia, watu wanatutazama, na akatulia. Nikamsifu. Jioni nilimwambia mbele ya shangazi zake, huyu ndiye mwanamke. Tangu siku ile anakuja kila wiki, anaosha vyombo, anafagia, anasema sawa, sijamwona akilia wala akicheka kwa meno, na mimi nikadhani ni utu uzima... daktari anasema, Bibi, miguu haijakufa ganzi? binti anaangalia ukuta, maji yanadondoka kutoka kidevuni mwa mbwa, kiganja changu bado kiko pale pale, na nataka kusema, yule wa kuachiwa kwanza hayumo kwenye beseni, ila mdomo haujui uanzie neno gani... Baba watoto alipoondoka, kaka yake alirithi baiskeli, mwanangu wa kiume akarithi koti na saa, redio zikawa zinarudi kwa wenyewe moja moja, mbwa nikarithi mimi, na binti tulisema hakupata kitu, tulitangaza hivyo sebuleni mbele ya ukoo, kumbe yeye ndiye aliyepata wa kwanza, alipata ile tulia, kaburi halijafukiwa, na aliyempa ni mimi.