Usiruke Tangazo

Mota ya cherehani ilikuwa imeungua, kwa hiyo fundi alishona kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono, mteja amesimama mlangoni amenuna. Wengine wawili walishachukua vitambaa vyao wakaenda zao. Mwenyewe hakubabaika. Malipo ya kwanza ya video zake za mtandaoni yalikuwa njiani, na mota mpya ingetoka humo. Alikuwa amefundisha maelfu ya watu kukata kola na kutia zipu, simu imefungwa kwa utepe kwenye mgongo wa kiti, nao wakajifunza bure.

Bure kweli. Mume wa dada yake, fundi simu, ndiye aliyewawekea mtaa mzima programu ya kuzuia matangazo.

"Shemeji, unanikata mkono," alimwambia. "Tangazo likizuiwa, mimi siambulii kitu."

"Kumbe ndiyo riziki yako? Ungesema mapema. Niachie mimi."

Shemeji akaiondoa ile programu kwenye simu zote za ukoo, akaagiza: msiruke tangazo, na kila likitokea libonyezeni. Ukoo ukachanga vidole kama unavyochanga msibani. Shangazi alibonyeza. Mama mzazi, ambaye hajui kusoma, alibonyeza matairi, mikopo na dawa za upara, kutwa nzima, kwa mapenzi tu.

Ujumbe wa kampuni ya mtandao wa video uliingia fundi akipima kiuno cha mteja. Tumegundua mibonyezo ya udanganyifu. Malipo yako yamefutwa na akaunti yako ya mapato imefungwa.

"Ni mama yangu," aliandika. "Alitaka kunisaidia."

Jibu lilifika hata hajaweka simu chini. "Asante kwa kuwasiliana nasi. Tunawathamini wabunifu wetu."

"Wewe ni mtu?"

"Asante kwa kuwasiliana nasi."

Wezi wa mchana kweupe, na adabu zao za kukodi. Wamekula jasho la mtu, halafu wanamwita yeye tapeli.

Jioni shemeji alikuja, kofia mkononi, macho chini.

"Nimekuponza, shemeji. Basi zifute hizo video."

"Nikizifuta wateja watanipatia wapi? Wanatokea humo humo."

Alifungua moja kumwonyesha. Kabla ya sura yake kutokea, likaanza tangazo la cherehani ya umeme, inang'aa, msichana anashona huku anacheka.

"Si wamekufungia?" shemeji aliuliza.

"Wamenifungia mimi. Wao hawajajifungia."

Fundi alirudi kwenye kiti, akashika gurudumu, akaanza kuzungusha. Bega lilimuuma. Kutoka chumba cha ndani ikasikika sauti ile ile ya tangazo, na msichana yule yule akicheka. Hakuna aliyekuwa amepata moyo wa kumwambia mama.

"Mwanangu," mama aliita, "leo sijaruka hata moja. Wamekulipa?"

"Bado, mama."

"Basi ngoja niwabonyezee tena."