Meno Yaliyokataa Kung'oka

Nasike hakujua kujishusha. Alitengeneza meno bandia katika chumba kimoja juu ya duka la dawa, Kitengela, na kila aliyechukua kazi yake aliondoka na hotuba.

"Hata nyinyi mkizeeka, haya yatakuwa yameshika," alimwambia Lemayian, aliyekuja kuagiza ya baba yake. "Ufizi naprinti na mashine peke yake, meno peke yake, halafu naunganisha. Wengine wanapaka resini tu, ile gundi ya plastiki, mtu akiuma mahindi jino linabaki kwa mahindi. Mimi napiga msasa kwanza, napaka dawa, ndio naweka kwa taa igande. Vuta hata na ng'ombe."

"Ng'ombe tuko nao," Lemayian akasema, na wakacheka.

Baba yake, Mzee Ntoyian, hakuwa na jino hata moja, na ugonjwa wa ini ulikuwa umemla akabaki mifupa. Alitaka jambo moja. Silantoi, kitindamimba wake, alikuwa anaolewa Rombo. Kwa desturi yao, asubuhi ya kuondoka baba humtemea bintiye maziwa ya baraka na kumpa maneno ya kwenda nayo. Akishageuka, binti hatazami nyuma tena, hata aitwe. Lakini kwa ufizi mtupu maneno ya mzee yalikuwa upepo. Mkewe mwenyewe alikuwa akiyakisia.

"Asikie," mzee alikuwa amemwambia mwanawe, akirudia mpaka akaeleweka. "Hiyo tu."

Kazi ilikamilika asubuhi ileile ya harusi. Nasike alikuja mwenyewe hadi Kajiado kumvisha mzee. Magari ya bwana harusi yalikuwa tayari yamesimama nje ya boma.

Mzee alifumba mdomo, akaufumbua. "Silantoi," akasema, wazi kabisa. Mkewe alijifunika uso kwa shuka. Kisha mtu akaleta kioo.

Mzee alijitazama kwa muda mrefu.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe, Papa."

"Mimi nilitolewa meno mawili ya chini nikiwa mtoto. Mama yangu alinishika kichwa. Huyu hakuwa na mama." Akagusa safu ya chini, iliyojaa bila pengo. "Na maziwa nitayatemea wapi, pengo halipo?"

Nasike aliduwaa. Alikuwa ameyapanga meno kama anavyoyapanga ya kila mtu. Na Lemayian, ambaye meno yake hayakutolewa kwa kuwa siku hizi watoto hawatolewi, hakukumbuka kumwambia.

"Mzee, vaa hivi leo," Nasike akasihi. "Jumatatu nitasaga hayo mawili. Mashine iko Kitengela."

"Binti yangu haolewi Jumatatu. Sitambariki kwa mdomo wa mtu mwingine."

Akayatoa. Lemayian aliyachukua, akaenda kwenye sanduku la vifaa vya pampu ya maji, akarudi na koleo ang'oe yale mawili ya chini.

"Wewe! Usivute!" Nasike alipiga kelele. "Jino limeshika kuliko ufizi wenyewe!"

Lakini kwa Lemayian gundi ni gundi. Alibana, akavuta kwa nguvu zake zote. Kitu kikalia kama kijiti kikavu. Alipofungua kiganja, ufizi ulikuwa vipande viwili, na meno yale mawili yamesimama palepale, hayakutikisika.

Nje, dereva alipiga honi.

Silantoi aliletwa mbele ya baba yake. Mzee alipiga funda la maziwa, akamtemea kichwani na kifuani, kisha akasema. Alisema mengi, mkono wake ukiwa juu ya kichwa cha binti, na yote yakatoka upepo. Silantoi alisogeza sikio mpaka likagusa midomo ya baba. Halafu akageuka. Langoni alisita, shingo ikakakamaa. Hakutazama nyuma.

Jumatatu Nasike alileta mengine, yenye pengo. Mzee alikuwa hospitalini, haamki tena. Walimzika wiki hiyo, na meno yale mapya mdomoni.

Siku moja baada ya mazishi Silantoi alipiga simu kutoka Rombo.

"Kaka, wewe ulikuwa karibu. Papa aliniambia nini?"

Lemayian alikuwa ameketi na kile kipande kilichovunjika, akisukuma jino kwa kidole gumba. Halikusogea.

"Alikubariki."

"Hiyo najua. Nauliza alisema nini."

"Sijui, Silantoi."

Alisikia mbuzi wakilia upande wa pili wa simu, na dada yake akipumua. Kisha simu ikakatwa.