Maiki Kiziwi

Mtu anayerekodi drams nyumbani kwake huanza kwa kuwanyang'anya watu wake pa kulala. Kufikia Jumamosi ile hapakuwa na godoro hata moja juu ya kitanda katika nyumba ya Fred, pale Bwera. Yote yalikuwa yamesimamishwa sebuleni kuzunguka ukuta ili sauti isigonge simenti na kurudi, na dirisha lilikuwa limezibwa kwa blanketi la mkewe, Night. Joto la humo ndani, tusiseme. Simu ya Fred ilikuwa ndani ya ngoma kubwa, imeviringishwa kwa sweta ya Masika, binti yao wa kwanza, ikirekodi kishindo cha mguu. Maiki ya maana ilikuwa moja tu, ya kuazima kanisani, nayo ilining'inia juu kwenye mpini wa ufagio.

Night alikaa pembeni na kompyuta yao chakavu, hedifoni masikioni, maana mpigaji hawezi kupiga na kubonyeza kwa wakati mmoja. Ziyad, prodyuza wa Kasese, alikuwa na studio nyembamba isiyoingia drams, ndipo akamwambia Fred arekodi wimbo mmoja nyumbani na kuutuma. Ukipendeza, drams za albamu nzima ni zake. Fred aliitaka kazi hiyo kufa na kupona. Siku hizi harusi za Bwera zinapigiwa kinanda chenye ngoma ndani yake, na yeye hakuwahi kujifunza kazi nyingine.

"Hii ikinipita, mimi niko nimekwisha," alimwambia Night asubuhi, wala hakuwa anatia chumvi.

Alipiga mara ya kwanza, akapiga vizuri ajabu. Night alisikia kila kitu: ngoma kubwa, ngoma ndogo, na yale matoazi ya shaba yakilia safi juu yake. Fred akavaa hedifoni, akasikiliza, akakunja uso.

"Matoazi haiko," akasema.

"Iko, Baba Masika. Nimeisikia."

"Unanibembeleza tu. Hii maiki iko kiziwi."

Akaishusha maiki karibu na matoazi, akapiga tena kwa nguvu zaidi. Akasikiliza. Hakuna kitu. Akatoa godoro moja, akarudisha jingine, akaishusha maiki mpaka ikakaribia kugusa shaba, akapiga kama mtu anayeua nyoka. Kila alichorekodi kilikuwa kibaya kuliko kilichotangulia, na Night alikunja vidole vya miguu kila toazi lilipomchoma sikioni. Hapo ndipo alipoelewa. Mkono wa Fred ulipogonga toazi ulimwambia kwamba limelia, naye akadhani ni masikio yaliyomwambia. Miaka yote ya kukaa nyuma ya matoazi, kanisani, harusini, kwenye kampeni za wanasiasa, ilikuwa imeyala masikio yake polepole, ikianza na sauti nyembamba, bila mwenyewe kujua.

Mwambie, alijihimiza. Utamwambiaje mpiga ngoma jambo hilo, siku kama ile? Akajitia kuhifadhi rekodi, na tusimpambe, alikuwa mwoga.

Fred akamtumia Ziyad ile ya mwisho. Ziyad akajibu kwa sauti. Fred siku hizi alidai hapendi ujumbe wa sauti, eti unamaliza bando, basi akampa Night simu asikilize.

"Fred, rafiki yangu, hizi matoazi iko nanitoboa masikio," Ziyad alisema. "Nitumie ingine leo. Kama hapana, naita Omara, ule mpiga drams wa kambi ya jeshi."

"Anasema nini?" Fred akauliza.

"Anasema urudie," Night akasema, akiyaficha ya matoazi.

Kabla hajarudia, Maate akabisha hodi. Ndiye mtunza vyombo wa kanisa, na alikuja kuchukua maiki kwa ajili ya ibada ya kesho.

"Chukua kiziwi yako," Fred akamwambia. "Lakini sikia kwanza, usiseme nakusingizia."

Akachomoa hedifoni, akaiongeza sauti ya kompyuta mpaka mwisho. Toazi la kwanza lilipolia, Maate aliruka, akaziba masikio kwa vidole.

"Bwana, punguza. Unataka kutuua?"

Fred hakuitazama kompyuta tena. Alivitazama vidole vya Maate, kisha akamgeukia mkewe.

"Iko nalia?"

"Iko nalia, Baba Masika. Toka ile ya kwanza."

Maate, mtu mwenye akili zake, akasema maiki inaweza kungoja asubuhi, akaenda zake. Night akaituma ile ya kwanza kwa Ziyad bila kumwuliza mtu. Safari hii jibu lilikuja kwa maandishi, na Fred akalisoma mwenyewe: Hii ndiyo. Kazi ni yako. Jumatatu uje Kasese, tumekodi ukumbi, upige pamoja na waimbaji.

Mwingine angeshangilia. Fred aliweka simu chini, akaketi kwenye stuli yake kama mfiwa.

"Waimbaji," akasema. "Nitabasikia namna gani?"

Night alitaka kulia, akaona aibu kulia kabla ya mwenye msiba.

"Weka ile ya kwanza," Fred akasema. "Toazi ikilia, inua kidole, nione."

Night akabonyeza. Kidole chake kikapanda na kushuka, kikapanda na kushuka, na Fred akakifuata kwa macho huku midomo ikicheza, akikilinganisha na wimbo aliokuwa nao kichwani. Vilikubaliana. Ngoma kubwa ikapiga pigo la mwisho pamoja na toazi, ikanyamaza. Fred akajifuta uso, akanyoosha mkono kuifunga kompyuta. Kidole cha Night kilikuwa bado juu.

"Si imekwisha?"

"Bado."

Akasubiri.

"Na sasa?"

"Bado iko nalia."

Fred akaurudisha mkono pajani, akangoja, akikitazama kidole cha mkewe.