Koki Inatona?

Mama aliihama nyumba yake tarehe mbili Desemba, akahamia kwenye gari-nyumba lililoegeshwa hatua arobaini kutoka mlango wa jikoni. Hatua hizo alizitembea mwenyewe, akipumzika mara nne. Mimi nilibeba mashine yake ya oksijeni. Jirani yetu, Reino, alibeba godoro kichwani huku akilalamika kuwa godoro la mjane lina uzito wa dhambi.

"Dhambi nizipatie wapi?" Mama akamjibu. "Hata pumzi ya kusengenya sina."

Hospitali walikuwa wametuambia wazi: oksijeni na moto wa kuni havikai nyumba moja. Na nyumba yetu, kama nyingi za huku kaskazini mwa Michigan, haina joto lingine ila jiko la kuni la jikoni. Gari lilikuwa na hita ya gesi iliyofungiwa ndani ya bati lake, moto wake haugusani na hewa ya ndani. Basi Mama akaenda kwenye gari.

Gari lenyewe lilikuwa la Baba. Nilipokuwa mdogo tulizunguka nalo jimbo hadi jimbo, Baba akichomelea mabomba ya mafuta, na ndiyo sababu shule yangu iliishia darasa la nne. Kila nilipoanza kuyazoea majina ya wenzangu, tulikuwa tunafungasha. Tulirudi huku bibi alipomwachia Mama nyumba, nyumba ambayo Mama alizaliwa ndani yake. Baba alifariki miaka sita iliyopita. Gari lilibaki chini ya mti, magurudumu yamezama nusu ardhini.

Kuishi garini wakati wa baridi tulikujua. Nilipanga marobota ya majani makavu kulizunguka chini ili upepo usipite. Nikaziba matundu ya dari kwa mito, nikabandika karatasi za kung'aa madirishani. Dirisha moja tu Mama alinikataza, lile dogo la ubavuni mwa kitanda chake.

"Nitaona nini ukiliziba?"

"Utaona theluji, Mama."

"Nitaiona jikoni yangu."

Hata hivyo, gari ni gari. Pumzi zetu ziligeuka maji kutani, maji yakawa barafu, na asubuhi nilikuta blanketi langu limegandana na ukuta. Ilibidi nilibandue polepole lisichanike.

Siku ya kuhama Mama alinipa sharti moja. Huku kwetu, mwenye nyumba akiondoka kabla ya baridi, mabomba hukaushwa, maji yote hutolewa yasije yakaganda na kuyapasua. Wanaokwenda kusini kwenye jua hukausha mwezi wa kumi. Na mtu akifariki, wanawe hukausha. Ukipita barabarani ukaambiwa nyumba ile imekaushwa, huulizi tena habari za mwenyewe.

"Mimi narudi Machi," Mama alisema. "Usinikaushie nyumba, Saimi."

Nikamwahidi. Maana yake ilikuwa jiko liwake usiku na mchana, na koki ya jikoni iachwe ikitona, tone baada ya tone, kwa sababu maji yanayotembea hayagandi upesi. Kila baada ya saa tatu nilivuka ua nikaongeza magogo. Kila niliporudi Mama aliuliza kabla sijavua kofia.

"Koki inatona?"

"Inatona."

Ndipo aliponiruhusu kumpa chai.

Januari upepo uligeuka ukatoka ziwani. Kipimajoto cha mlangoni kilishuka hadi nyuzi ishirini chini ya sifuri, kikakaa hapo siku sita. Mama naye alishuka. Alikuwa hawezi tena kukaa bila kuegemezwa, na kula kijiko kimoja cha uji kulimchukua muda wa mtu kula sahani nzima.

Alhamisi asubuhi niliingia jikoni nikakuta kimya, koki haitoni. Nililala chini ya sinki na mashine ya kukaushia nywele, nikapuliza hewa ya moto kwenye bomba. Nilikaa humo karibu saa nzima. Maji yalipotoka nilicheka peke yangu.

Nikarudi garini. Mama alikuwa sakafuni, kati ya kitanda na meza, mpira wa oksijeni umemtoka puani, midomo ina rangi ya samawati. Alikuwa ameifuata birika. Nilimrudishia mpira, nikamkumbatia palepale chini mpaka rangi ikaanza kurudi. Alipopata pumzi ya maneno mawili, aliyatumia hivi:

"Koki inatona?"

Reino alikuja kesho yake na mitungi ya gesi. Nilimsimulia tukiwa nje, tumesimama nyuma ya marobota ili Mama asisikie. Alikung'uta theluji kwenye buti zake.

"Una miguu miwili, Saimi. Huwezi kuweka mmoja huku na mwingine kule."

"Nilimwahidi."

"Ulimwahidi, ndiyo. Lakini mabomba yakipasuka, maji yatajaa chini, na Machi hakutakuwa na jikoni ya mtu kurudi. Na ukiendelea kukimbia kule na huku..." Hakumalizia. "Niache nikukaushie mimi."

"Hapana. Nitakausha mwenyewe. Usimwambie tu."

"Mimi? Mama yako akiniuliza jambo, huwa nasahau hata jina langu. Sitaingia ndani kabisa."

Alikaa na Mama hata hivyo, akimsomea matangazo ya gazeti, na mimi nikaenda. Nilizima pampu chini ya nyumba, nikafungua tundu la kutolea maji lililo chini kabisa, nikapanda kufungua koki zote, moja moja. Nikamimina dawa ya rangi ya waridi isiyoganda kwenye sinki, bafuni na chooni. Nyumba iligugumia kwa muda, kama tumbo la mtu mwenye njaa, kisha ikanyamaza. Koki ya jikoni ndiyo iliyokuwa ya mwisho. Moto niliuacha ufe wenyewe.

"Koki inatona?" Mama aliuliza.

"Inatona," nikasema.

Nilisema hivyo kwa siku tisa. Sikupunguza safari ila nilizifanya fupi. Nilivuka ua na kikapu, nikakaa kwenye jikoni baridi dakika mbili huku nimekumbatia magoti, nikarudi. Maji ya kunywa Reino aliyaleta kwa madumu, nami nikamwambia Mama ni yetu. Siku ya tatu nilishangaa jinsi ulimi wangu ulivyozoea. Mimi ni mtu ambaye hata dukani huona haya kusema nimerudishiwa chenji pungufu.

Siku ya tisa ilikuwa Jumamosi, jua kali, hakuna upepo. Mama aliniita.

"Nivalishe. Nataka kwenda jikoni kwangu."

"Kuna moto kule, Mama. Na mashine yako..."

"Hakuna moto."

Nilishika soksi yake, sikumvalisha wala sikuiweka chini.

"Tazama vile vioo," alisema, akionyesha dirishani kwa kidevu. "Nyumba yenye moto na maji hutoa jasho. Vioo vyake huota maua ya barafu kwa ndani. Vyangu vikavu tangu Jumamosi iliyopita." Akapumzika. "Halafu maji ya Reino yananuka yai."

"Sasa kwa nini uliendelea kuniuliza?"

"Kwa sababu ulikuwa unarudi unatetemeka. Ukishanijibu, ulikuwa unatulia."

Nilianza kumvalisha soksi. Aligusa kichwa changu kidogo kwa vidole viwili, kama anavyojaribu pasi kama imepata moto.

"Acha kulia, utaniloweshea miguu. Sasa moto hakuna, naweza kuingia na chupa yangu ya oksijeni. Miezi miwili nimezuiwa nyumbani kwangu kwa sababu ya joto. Nipeleke."

Tulimvuta juu ya theluji kwa sleji ya kuni, Reino mbele, mimi nikishikilia chupa ndogo ya oksijeni. Alikuwa amefungwa mablanketi matatu, uso tu uko nje.

"Polepole, Reino. Mimi si gogo."

"Gogo lisingenisema njia nzima."

Tulimkalisha kwenye kiti chake kando ya jiko lililozimika. Pumzi zetu zilionekana. Reino alivua kofia kama aliyeingia kanisani, kisha akakumbuka baridi akaivaa tena. Mama alitazama kila kitu bila haraka: vikombe kwenye ndoano, kalenda iliyobaki Novemba, koki iliyo wazi na kavu. Nilisubiri aseme kitu kuhusu ahadi.

"Bafuni umefungua?"

"Ndiyo."

"Ya moto na ya baridi?"

"Zote."

"Chooni umemimina dawa?"

"Vikombe vinne."

"Mashine ya kufulia?"

Niligeuka kuitazama.

"Aa," Mama alisema, na kwa mara ya kwanza tangu Krismasi alitabasamu. "Palepale. Baba yako aliharibu moja hivyohivyo, akasema ni panya."

Nilipiga magoti nyuma ya mashine, yeye akiniongoza kutoka kitini. Nilifungua mipira. Kwenye mmoja kulikuwa na kipande cha barafu kirefu kama kidole, ambacho bado hakijapasua chochote. Nilimpelekea kiganjani. Alikichukua, akakigeuza juani, kikaanza kulowesha glavu yake.

"Sasa imefungwa vizuri," alisema. Kisha akaniambia nisogee karibu, kwa maana pumzi ilikuwa imepungua. "Ukija kuifungulia, anza na hii ya jikoni. Iache wazi kabisa kabla hujawasha pampu. Itatoa hewa kwanza. Itakohoa kama mimi. Usiogope ukaifunga."

Hakusema tena Machi. Wala hakusema "nikija."

Tulikaa labda nusu saa. Aliomba chai, nikamkumbusha maji hayapo, akasema anajua, alitaka tu kuiomba akiwa pale.

Mama alifariki tarehe kumi na tisa Februari, adhuhuri, garini, ameangalia dirisha lake. Tangu siku ile ya sleji hakuniuliza habari za koki hata mara moja, nami kila asubuhi nililingoja swali hilo.

Huku kwetu ardhi ikiganda wafu husubiri. Alikaa kwenye chumba cha mawe cha makaburini pamoja na wengine wawili wa baridi ile mpaka jembe lilipoweza kuingia. Tulimzika tarehe tisa Mei. Reino alibeba jeneza upande wa mbele, na safari hii hakulalamika uzito.

Watu walipoondoka nilishuka chini ya nyumba, nikaziba tundu, nikapanda nikafunga koki zote isipokuwa ile moja, nikashuka tena nikawasha pampu. Nilipofika jikoni ilikuwa imeshaanza. Ilikohoa, ikatema maji ya kutu, ikavuta hewa, ikakohoa tena kwa nguvu mpaka vikombe vikatikisika kwenye ndoano. Ilikohoa muda mrefu kuliko nilivyodhani.

Nilisimama nimeshika ukingo wa sinki. Sikuifunga.