Kichwa Kilichobeba Bohari

Katika bohari ile ya dawa hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Profesa, na yeye hakuwahi kumsahihisha mtu, maana cheo cha bure hakikataliwi. Kwa miaka kumi na mmoja aliutunza mfumo wa kompyuta uliojua kila katoni iko rafu gani na inakwenda zahanati ipi. Ulikuwa mfumo mzee, mkaidi, na kila Jumatatu asubuhi uligoma kuamka. Profesa ndiye aliyejua namna ya kuuamsha, na namna hiyo hakuiandika popote.

Hilo la kutoandika halikuwa uvivu, mtu asimsingizie. Ulikuwa mkakati. Alikwisha kuwaona wenzake wawili, watu waungwana, walioandika maelekezo safi yenye picha na mishale. Siku maelekezo yalipokamilika, wakaagwa kwa keki. Profesa akapata somo, akazifungia siri zake zote kichwani na kuzikalia.

Sasa alikuwa na miaka arobaini na miwili, umri ambao, kwa mujibu wa mabingwa wa mtandaoni, mwandishi wa programu anapaswa kuwa ama meneja ama mfuga nyuki. Kila mwaka alisoma kwamba kuna kitu kipya kinakuja kumnyang'anya kazi. Mwaka huu zamu ilikuwa ya akili bandia. Aliipa ukurasa mmoja tu wa programu yake iusome. Ikamwomba radhi mara mbili, kisha ikamshauri aanze upya. Alicheka, lakini kicheko chenyewe hakikufika mbali.

Kwa hiyo nafasi ya mkuu wa kitengo ilipotangazwa, aliitaka kwa roho yake yote. Alimwambia mkewe kwamba hatafuti ukubwa. Anataka tu kuwa mtu anayeuliza kazi imefikia wapi, badala ya kuwa mtu anayeulizwa. Mkewe, mwalimu wa hesabu aliyezoea majibu ya ovyo, akasema huo ndio ukubwa wenyewe.

Jumatatu ya usaili, mkurugenzi hakumuuliza habari za dira wala malengo, mambo aliyoyakariri wiki nzima. Alimuuliza swali moja.

"Nikikupa kitengo, nani atauamsha mfumo?"

Miaka yote jibu la Profesa lilikuwa kwamba hakuna mwingine, na alilitoa kwa mbwembwe. Leo jibu lilelile lingemnyima cheo. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na huyu alikuwa amekichimba kwa bidii.

Mkurugenzi akasema anasikitika, kumpandisha cheo itakuwa sawa na kuifunga bohari, na akaanza kukusanya karatasi zake. Hapo ndipo Profesa alipomkumbuka dada wa simu, mwanamke mtu mzima aliyekaa mapokezi akipokea malalamiko ya zahanati. Kila Jumatatu dada huyo ndiye aliyesimama chumba cha mashine akibonyeza vitufe, huku Profesa, akiwa bado nyumbani, akimtajia hatua kwa simu. Siku zote aliamini kwamba maneno yale yanaingia sikio hili na kutokea lile.

"Dada wa simu anaweza," akasema, akiomba kimoyomoyo iwe kweli.

Dada akaitwa, akaja na daftari nene lililofunikwa kwa plastiki, wakaenda wote chumba cha mashine. Mfumo ulikuwa umegoma, kama kawaida yake. Akafuata mistari kwa kidole: akazima hiki, akawasha kile, akasubiri dakika tatu akiitazama saa yake ya mkononi, akaendelea. Profesa alisimama nyuma, mikono mgongoni, akijizuia asiguse kitu. Kwenye dakika ya tisa skrini ikajaa majina ya dawa. Furaha ikampanda, nusura amkumbatie. Kikwazo kimeondoka, akawaza, nafasi ni yake.

Mkurugenzi akalichukua daftari. Ndani mlikuwa na tarehe, kila kosa na tiba yake, na zahanati ipi ilicheleweshewa nini. Alilisoma kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kuusoma wasifu wa Profesa.

"Umeandika haya kwa muda gani?"

"Miaka sita, bosi. Nilichoka kuwaambia wauguzi wasubiri Profesa aamke."

Kufikia saa nane mchana kitengo kilikuwa na mkuu, na mkuu alikuwa huyo dada. Profesa aliumia, hapana haja ya kuficha. Aliona wivu, akaona aibu kwa wivu wake, kisha akaona aibu kubwa zaidi, kwa sababu hata yeye angemchagua huyohuyo.

Jioni mkuu mpya alimfuata mezani, bila majivuno yoyote. Alisema anataka kuandika nakala safi, kila hatua iwe na sababu yake, na sababu zote amezielewa isipokuwa moja.

"Kaka, hii hatua ya nne. Kwa nini tunasubiri dakika tatu? Mashine inapoa?"

Angeweza kusema inapoa. Jana angesema inapoa, na bohari nzima ingeitikia kwa kichwa, kwa heshima. Alimtazama mwanamke aliyesimama mbele ya mashine Jumatatu mia tatu, akihesabu dakika huku zahanati zikisubiri dawa.

"Ifute hiyo," akasema. "Nilikuwa napiga mswaki."