Doa kwenye Nyonga

Gesi ya Mtwara ilikwenda Dar kwa bomba. Mimi nilikwenda kwa basi, mgongo unawaka moto, maana wakubwa hawajaona haja ya kutuletea kwetu mtambo wa kupiga picha mifupa. Daktari alitaka kujua kama saratani yangu ya tezi dume imeingia kwenye mifupa. Mke wangu, marehemu Hadija, hakupata kupimwa hivyo. Yeye walimtibu kwa panadoli na maneno matamu.

Binti yangu Nuru alinisindikiza kutoka Mahurunga. Hospitalini tukapokewa na Upendo, msichana wa mitambo.

"Babu, nakuchoma sindano ya dawa yenye mionzi kidogo. Utasubiri masaa matatu, unakunywa maji mengi na kukojoa, ndipo ulale kwenye mtambo. Hauumi. Leo tu usipakate watoto wadogo."

"Nitawaka gizani?"

"Ungekuwa unawaka, babu, Mahurunga wangekutundika kwenye nguzo uwe taa!"

Nuru akacheka akajishika mbavu.

Nikanywa lita nzima na zaidi. Msalani nikaenda mara nne. Mara ya mwisho bomba kavu, hata tone. Ofisini kwao chupa za maji zimepangwa mezani! Nikajifuta kwa pindo la kikoi, nikarudi.

Mtambo ukanishukia karibu na pua, ukasogea polepole. Nikalala kama gogo. Upendo, aliyekuwa akiongea tangu asubuhi, akanyamaza ghafla. Hapo nikaogopa.

Akaja, Nuru nyuma yake.

"Babu, naona doa nyongani. Ulipotoka msalani, ulinawa?"

Mbele ya binti yangu! Nikatazama ukuta.

"Nuru, kaninunulie maji."

"Baba, chupa hii hapa imejaa."

"Kanunue mengine!"

Alipotoka nikasema ukweli wa bomba kavu na pindo la kikoi. Upendo akapumua.

"Dawa inatoka na mkojo, babu. Tone likibaki kwenye nguo, mtambo unaliona kama limo mwilini."

Akaleta ndoo ya maji na shuka safi, kikoi akakichukua kukiweka kando. Nikanawa, nikalala tena.

Jioni daktari akatuita. Doa limetoweka. Mifupa yote safi, dawa nitaendelea nazo Mtwara.

Nuru akalia, kisha akauliza, "Sasa kikoi chako kiko wapi, baba?"

"Kimelazwa," nikamwambia. "Twende tukale."